Mbio Zilizopita Mlangoni

Ijumaa ile niliswali mjini Nyeri, na baada ya sala nikapanda matatu ya kwenda Tetu. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mtu wa Pwani akienda huko mwezi huo asisahau koti, kwani ukungu hulala juu ya majani chai tangu alfajiri, jua huwa ni la kusikiwa habari zake tu, na Mlima Kenya wenyewe, ambao watu hutoka ng'ambo kuja kuutazama, hauonyeshi hata ncha.

Nilikuwa nikienda kumzuru mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu Mombasa. Alifanya kazi bandarini tangu ujana wake hata akastaafu, ndipo akarudi kwao kwenye shamba lake la chai. Sasa umri wake umepita miaka themanini. Kiswahili chake hata leo ni cha Majengo, na adabu ya wageni hakuisahau. Nilipofika nilimkuta kuku amefungwa mguu mlangoni, yu hai, anangoja nimchinje kwa mkono wangu.

"Karibu, mwanangu," akaniambia. "Kisu ni hicho, na kibla nimekuulizia."

Ndani ya nyumba mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Magari ya chini chini, yenye magurudumu nje ya mwili, yalikuwa yakipita kwa mlio mkali. "Ni mazoezi ya langalanga, Ustadh," akanieleza. "Mbio zenyewe ni Jumapili. Silverstone, Uingereza."

Ndugu msomaji, neno hili langalanga yafaa tulitazame kidogo kabla hatujaendelea. Katika Kiswahili cha magazeti na redio za Kenya ndilo jina la mbio za Formula One. Nalo ni jina la mahali. Langalanga iko upande wa Nakuru, na huko ndiko walowezi walikokuwa wakishindanisha magari yao katika miaka ya 1950. Kiwanja kilikufa zamani, jina likabaki, likaingia kinywani mwa watu ambao wengi wao hawajui lilikotoka. Afrika Mashariki haijapata kuandaa mbio hizo hata mara moja. Zilifika Morocco mwaka 1958, na Afrika ya Kusini mara nyingi, ya mwisho ikiwa mwaka 1993. Kwetu limefika jina tu, tena tukalitoa wenyewe.

Basi kijana akanifundisha taratibu za siku tatu hizo. Ijumaa ni ya mazoezi. Dereva hajifunzi njia, kwa kuwa njia aijua kama chumba anacholala. Ajifunzalo ni tabia ya gari siku hiyo: tairi zipi zashika lami, zipi zachoka upesi, mafuta kiasi gani yatiwe. Jumamosi kila mmoja hushindana na saa kutafuta nafasi ya kuanzia, na wazito huondolewa kwa mafungu matatu mpaka wabaki wenye kasi kuliko wote. Jumapili ndiyo mbio. Pale Silverstone njia ina urefu wa karibu kilomita sita, nao huizunguka mara 52, jumla kama kilomita 306. Hiyo haifiki hata Mombasa hadi Nairobi. Mafundi hubadili tairi zote nne kwa muda usiofika sekunde tatu.

Mzee alikuwa akisikiliza huku akikoroga chai. "Hodari sana," akasema. "Lakini wazunguka palepale, kama ngamia wa kinu cha simsim."

"Guka, hii ndiyo mbio ya dunia," mjukuu akamjibu.

"Ya dunia ilipita hapa," mzee akasema, akionyesha nje kwa kijiko.

Alikuwa akisema juu ya Safari Rally. Na kwa siku tatu zile, kila kijana alipotazama langalanga, mzee alinihadithia mbio za kwao, nami nikawa katikati, jicho huku na sikio kule.

Mazoezi ya Safari, alinieleza, yalikuwa ni ishara kwamba Pasaka imekaribia, kwani kwa miaka mingi mashindano yale yalifanywa wakati wa Pasaka. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe magari ya wageni huanza kuonekana vijijini, dereva na mwelekezi wake, mmoja aendesha na mwingine aandika. Huandika kila kona, kila daraja, kila bonde lenye tope. Hapana aliyeweza kuijua njia ile kama chumba chake, kwa kuwa katika miaka ya 1970 ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, na mvua ya usiku mmoja yaweza kuifuta hesabu yote. Tena barabara hazikufungwa. Dereva aliyekuwa akiwania ushindi alipishana na basi la abiria, mkokoteni wa punda na ng'ombe wanaokwenda mtoni.

Baadhi ya wasomaji wetu watakumbuka jinsi magari hayo yalivyofika Pwani. Yaliteremka hadi Mombasa, yakarudi Nairobi, kisha yakapanda kuuzunguka mlima kwa upande wa Embu, Meru, Nanyuki na Nyeri. Sisi watoto wa Mombasa tulijua majina ya madereva kabla hatujajua majina ya mawaziri. Bw. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, na nne kati ya hizo zilifuatana, tangu mwaka 1979 hadi 1982. Tulitengeneza magari ya waya, tukayapa jina lake.

Jumamosi asubuhi mzee alichukua fimbo yake akanitembeza. Upande wa machweo twaiona misitu ya Nyandarua, imesimama kama ukuta nyuma ya majani chai. Hapo ndipo nilipoujua upande mwingine wa hadithi, nao sikuwahi kuufikiria.

Mashindano ya kwanza ya Safari yalifanywa mwaka 1953, kati ya mwisho wa Mei na siku ya kwanza ya Juni. Hayakuitwa Safari Rally. Yaliitwa Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Uingereza aliyetiwa taji tarehe 2 Juni mwaka huo huo. Na huyo malkia alipata umalkia wake wapi? Hapa hapa Nyeri. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alilala Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti kando ya msitu huu, akitazama wanyama wakinywa maji. Usiku ule baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Uingereza. Mchana wake, katika nyumba ya Sagana iliyo mkoa huu huu, akapewa habari.

Hata na hiyo langalanga yahusika. Mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula One zilifanywa Silverstone, katika uwanja uliokuwa wa ndege za vita, tarehe 13 Mei 1950, naye Mfalme George alihudhuria. Haikutimia miaka miwili, mfalme akafa na binti yake akarithi akiwa juu ya mti wa Nyeri. Kwa hivyo hizi mbio mbili, za kuzunguka na za kusafiri, zilipitia katika nyumba moja.

Lakini mwaka huo wa 1953, watu wa Tetu walikuwa katika hali gani? Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 20 Oktoba 1952. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alikuwa msituni na wapiganaji wake. Mwaka 1954 wapiganaji waliichoma Treetops ikawa majivu. Tangu mwaka huo wananchi walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Kimathi alipigwa risasi akakamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, huku huku kwao, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957.

"Mwaka wa Safari ya kwanza nilikuwa na miaka tisa," mzee akaniambia. "Watu wasema waliyaona magari ya mashindano. Sisi tuliona malori ya askari. Baba alichukuliwa mwaka uliofuata, akapelekwa Manyani. Alirudi mwaka 1959. Na mama, na sisi watoto, na wanawake wote wa kijiji, tulitolewa kila asubuhi kwenda kazi ya lazima. Unaijua kazi yenyewe? Kuchimba barabara."

Akapiga ardhi kwa fimbo yake. Tulikuwa tumesimama kwenye kona ya barabara inayoteremka kuelekea mtoni.

"Hii," akasema.

Sikuwa na neno. Nilimuuliza baadaye kama walipata kwenda kuyatazama magari baada ya uhuru. Akasema hapana. Jina la kutawazwa liliondolewa mwaka 1960, lakini kwa baba yake mbio zilikuwa bado ni za malkia. Kila Pasaka mzee alipopata likizo bandarini na kurudi nyumbani, vijana wenzake walikimbilia barabarani, naye akabaki nyumbani na baba yake. Mashindano, baba alikuwa akisema, ni ya wenye magari.

Wala hakuwa amekosea. Mashindano yale yalianzishwa na wenye magari, na kwa muda mrefu aliyeshika usukani alikuwa mlowezi au mtoto wa mfanyabiashara. Lakini palikuwa na jambo moja lililoanza kuwababaisha hata wenyewe. Makampuni makubwa ya Ulaya yalileta madereva wao mashuhuri, na kila mwaka walipokuja, hadi 1971, walishindwa na wakazi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika saba tu. Rauno Aaltonen wa Finland, bingwa wa Ulaya, alikuja mara nyingi akamaliza wa pili mara kadhaa, wala hakushinda hata mara moja. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola, naye wa Finland, mwaka 1972.

Sisi tuliopita chuoni twakijua kisa cha ngamia wa Mtume (SAW) aitwaye Adhbaa. Hakuwa akishindwa mbio, hata siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Masahaba likawachoma jambo lile, naye Mtume akawafunza kwamba hapana cha dunia kinachoinuka ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Nilipomsimulia mzee kisa hiki, alicheka sana. "Basi huyo bedui kwetu alikuwa Joginder," akasema.

Marehemu Joginder Singh alizaliwa Kericho, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia mashindanoni na gari la Volvo lililokwisha kutumiwa na wengine, wakawaacha matajiri nyuma kwa zaidi ya saa nzima. Mzee alikuwa Mombasa, akasikia habari redioni. Pasaka iliyofuata alipokwenda likizo alimweleza baba yake. Baba aliuliza neno moja tu: "Fundi?" Akajibiwa, "Fundi." Akanyamaza.

Jioni ile, saa kumi na moja, tulitazama langalanga wakitafuta nafasi za kuanzia. Kijana alikuwa akitetemeka kwa sehemu ya mia ya sekunde. Nilikiri kwamba ni ajabu. Mwanadamu kuugawanya muda namna ile na kuupigania kila kipande si jambo dogo. Lakini mawazo yangu yalikuwa bado kwenye ile kona.

Jumapili wenyeji wangu walikwenda kanisani, nami nikabaki na msahafu wangu karibu na moto. Waliporudi na kula, mzee akaendelea bila kuombwa.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1974. Mvua ilinyesha hata mito ikapanda, na udongo mwekundu wa Nyeri ukilowa huwa kama sabuni. Usiku walisikia mlio wa gari ukipanda, kisha ukakatika, kisha ukaunguruma palepale. Vijana wakatoka mbio na taa za mafuta. Mzee alitoka pia, na alipogeuka alimwona baba yake nyuma yake, amevaa koti lake la kanisani.

Gari la wageni lilikuwa limeteleza kwenye kona, magurudumu ya nyuma yamezama. Mwelekezi alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini, akitazama saa, kwani kila dakika ya kuchelewa kituoni yaandikwa. Baadhi ya vijana walitaka shilingi kwanza ndipo wasukume. Baba yake aliwapita, akalizunguka gari, akaliangalia kwa taa mbele na nyuma. Kisha akasema kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu, "Kumbe nao hukwama."

Akavua koti, akampa mwanawe, akaweka bega. Wote wakaweka mabega. Gari likatoka, likapiga honi mara moja, likapotea kuelekea mlimani.

"Nilimuuliza njiani," mzee akaniambia. "Baba, miaka yote umekataa hata kutazama. Leo umesukuma. Akaniambia, ile barabara tuliichimba sisi. Mgeni akikwama katika kazi ya mkono wako, utamwacha?"

Mwaka ule Joginder Singh alishinda tena, akiwa na gari dogo la Mitsubishi Lancer, akamwacha wa pili Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche. Akashinda mara ya tatu mwaka 1976. Baba wa mzee hakukosa kwenda barabarani tena mpaka alipokufa. Na lau angeishi hadi mwaka 1993, angemwona Patrick Njiru, mwenye jina ambalo huku hapana anayehitaji kufundishwa kulitamka, akikifikisha mwisho kigari cha Subaru Vivio chenye injini ya sisi 660, ilhali vingine viwili vya timu ile ile, kimoja kikiendeshwa na Colin McRae, vilikufa njiani. Mwaka uliofuata Njiru alikuwa wa nne katika mashindano yote.

Naandika haya si kwa kutamani ya kale yote yarudi. Magari kukimbia kwa kasi ile katika barabara zilizojaa watoto na mifugo ilikuwa ni hatari. Mwaka 2002 Safari ilikuwa ya mwisho katika ubingwa wa dunia, ikaachwa, na iliporudi mwaka 2021 ilikuja kwa sura nyingine. Sasa makao yake ni Naivasha. Barabara hufungwa, vipande vya kushindania havifiki hata kilomita 400 kwa jumla, na watazamaji hupangwa mahali pao. Nchi imepata sifa, na roho za watu zimehifadhika. Lakini mbio hizi ambazo zamani zilikuja zenyewe hadi mlangoni, leo lazima mtu azifuate kwa nauli.

Saa kumi na moja mbio za Silverstone zikaanza. Mzee alikaa nasi hadi mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko yangu. Jua lilikuwa limekaribia kutua bendera ya mistari ilipopepea. Washindi wakapanda jukwaani wakamwagiana mvinyo, nami nikaenda kutawadha kwa ajili ya Magharibi. Niliporudi, kijana alikuwa akimbembeleza babu yake.

"Guka, mwakani twende Naivasha. Nauli nitalipa mimi."

Mzee akafikiri. "Nitakwenda," akasema, "kwa sharti moja. Kesho nifuate kwenye kona, nikuonyeshe aliposimama baba yangu. Umeishi hapa miaka yote, wala hukuniuliza."

Kijana akainamisha macho, akazima televisheni.

Jumatatu asubuhi walinisindikiza wote wawili hadi kituo cha matatu. Ile kona ilikuwa njiani, nayo siku hizi ina lami. Gari nililopanda liliikata kwa nukta chache, dereva hakupunguza hata gea. Nikageuka nyuma nikawaona wawili wale wamesimama pembeni, mzee akinyoosha fimbo kuonyesha chini, na mjukuu wake ameinama anatazama.

Langalanga kiwanja kilikufa, jina likabaki. Kona ile ipo bado, ila haina jina, wala haimo katika kitabu chochote cha mbio za magari. Nimeona niiandike hapa.